San Marino: Jamhuri Iliyokataa Kukua

Mabibi na mabwana, wazee wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wazee shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie nchi ndogo za Ulaya. Nadhani waandaaji walitarajia Vatikani au Monako, maana ndizo zinazotajwa magazetini. Mimi nimechagua San Marino. Ina kilomita za mraba 61, kwa hiyo kisiwa chetu cha Unguja kingeimeza zaidi ya mara ishirini. Wakazi wake ni 33,000 na ushei. Imezungukwa na Italia pande zote, haina bahari wala mto wa kujivunia. Ina mlima mmoja wa mawe, Titano, wenye mita zipatazo 740, na kileleni kuna minara mitatu ya ngome. Anga ikiwa safi, ukisimama pale unaiona Adriatiki kule chini.

Sikuichagua kwa udogo wake. Zama za kati, Italia ilijaa miji iliyojitawala kama jamhuri, mingi ikiwa na fedha, majeshi na meli kuliko San Marino ilivyowahi kuota. Firenze ilikuwa jamhuri. Mwaka 1532 ikageuzwa kuwa milki ya ukoo wa Medici. Siena ilisalimu amri mwaka 1555 baada ya kuzingirwa hadi watu wakafa kwa njaa. Venice, malkia wa bahari, iliyodumu miaka elfu na zaidi, ilijifuta yenyewe mbele ya Napoleon mwaka 1797. Zote zimekwenda. Kimebaki kijiji cha waashi juu ya jabali. Kwa nini kile? Hilo ndilo swali lililonileta mbele yenu.

Tuanze na asili yao kama wanavyoisimulia wenyewe. Mwishoni mwa karne ya tatu, fundi mawe aitwaye Marinus aliondoka kisiwa cha Arbe, ambacho leo kinaitwa Rab na kipo Kroatia. Alivuka bahari na mwenzake Leo hadi Rimini, mji wa pwani ya Italia, ambako kuta za mji zilikuwa zinajengwa upya na kazi ya mawe ilikuwa tele. Marinus alikuwa Mkristo, na ule ulikuwa utawala wa Kaisari Diocletian, aliyewatesa Wakristo. Siku moja akatokea mwanamke kutoka kwao akitangaza mbele za watu kwamba Marinus ni mumewe aliyemtoroka. Maskini Marinus akakimbilia mlimani kujificha. Mlima huo ulikuwa mali ya bibi tajiri wa Rimini, Felicissima. Mwanawe Verissimus alikwenda kumfukuza yule mvamizi, akapooza palepale. Mama akaja akilia, Marinus akaomba, kijana akasimama, na bibi yule kwa shukrani akamgawia mlima wote. Wanasema jamhuri ilizaliwa tarehe 3 Septemba 301. Na wanasema Marinus alipokuwa anakata roho aliwaambia wafuasi wake: nawaacha huru, mbali na watu wale wawili. Wawili hao, kwa tafsiri yao, ni Kaisari na Papa.

Hadithi tamu. Ina mkimbizi, fundi, mke wa kusingiziwa, muujiza, na mwisho hati ya kiwanja. Shida ni kwamba ukiipima inaanza kumeguka. Amri ya Diocletian ya kubomoa makanisa ilitoka mwaka 303, miaka miwili baada ya tarehe wanayoisherehekea. Na yale maneno ya kitandani? Mwaka 301 Askofu wa Roma, yaani Papa, hakumiliki nchi ya mtu yeyote. Mtu anayeogopa Kaisari na Papa kwa pamoja ni mtu wa karne ya kumi na mbili au ya kumi na tatu, wakati wakubwa hao wawili walipokuwa wakigombea Italia. Kwa maoni yangu, wajukuu waliandika wosia kisha wakamtilia babu mdomoni.

Msiwacheke. Ukoo gani hapa haujafanya hivyo?

Tukitoka kwenye simulizi tukaingia kwenye karatasi, hati ya zamani inayowataja kwa uwazi ni ya mwaka 885. Ni hukumu ya kesi ya mashamba. Askofu wa Rimini alidai ardhi fulani, na Stefano, mkuu wa monasteri ya mlimani, akapinga kwamba ni yao na wameishikilia miaka mingi. Stefano akashinda. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo historia inalijua kwa hakika kuhusu watu hawa ni kwamba walikwenda mahakamani kwa ajili ya ardhi, na wakaitunza hukumu. Mimi hilo linanivutia kuliko muujiza wa Verissimus.

Kesi nyingine ni ya mwaka 1296. Maofisa wa jirani walitaka kodi, watu wa mlimani wakagoma, na shauri likafika kwa jaji mmoja wa Rimini aitwaye Palamede. Mashahidi waliitwa mmojammoja. Hawakuwa wasomi, walikuwa watu wa kawaida wa mlimani. Wakaulizwa: kwa nini hamlipi? Wakajibu kwamba wao ni watu huru, na hawajawahi kulipa. Ndipo wakaulizwa swali ambalo profesa wa leo angeomba wiki nzima kulijibu: huo uhuru ni nini? Jibu lililoandikwa, kwa maneno yangu, ni kwamba mtu ni wa nafsi yake, na hana bwana juu yake ila Bwana Yesu Kristo. Karani akaandika. Wakati huo sehemu kubwa ya Ulaya mkulima alihesabiwa pamoja na shamba analolima.

Sasa nifike kwenye utawala wao, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo jibu la swali langu lilipo.

Hapo kale mamlaka yote yalikuwa ya Arengo, mkutano wa wakuu wa kaya. Watu walipoongezeka, kazi ikaachiwa Baraza Kuu, ambalo mpaka leo lina wajumbe 60. Na mwaka 1243 orodha yao inaanza kuonyesha viongozi wawili kwa pamoja. Leo wanaitwa Makapteni Watawala. Ni wawili, wana mamlaka sawa, na kila mmoja anaweza kuzuia uamuzi wa mwenzake. Wanaapishwa tarehe 1 Aprili na kuondoka tarehe 1 Oktoba, ambapo wengine wawili huapishwa na kukaa hadi Aprili. Miezi sita, basi. Ukitoka, hurudi mpaka ipite miaka mitatu. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe; hawa mkuu wa nchi wanampa miezi sita, kisha arudi kwenye duka lake, shule yake, au zahanati yake.

Na hata akishatoka bado hajatoka. Kuna utaratibu unaowapa raia siku chache za kuleta malalamiko dhidi ya Makapteni waliomaliza muda, kwa walichofanya na kwa walichoacha kufanya. Kwa karne nyingi pia walikuwa na desturi ya kuajiri hakimu kutoka nje ya nchi, kwa hoja kwamba katika mji mdogo kila hakimu ni shemeji wa mtu.

Mnaona wanachokiogopa? Miji mingine ya Italia ilijenga kuta dhidi ya jirani, halafu ikauawa kutoka ndani, na familia moja tajiri iliyokalia kiti ikakataa kuinuka. Firenze haikutekwa na wageni kwanza. Ilimezwa polepole na wenye benki wake yenyewe. San Marino ilimwogopa mwenzao wa ndani kuliko adui wa nje, na ikamwekea saa ukutani.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Saa hiyo ilimzuia mtu mmoja, haikulizuia kundi. Baraza la 60 liligawanywa baina ya waungwana, watu wa mjini na watu wa mashambani, ishirini ishirini, na wajumbe walikaa maisha yao yote. Mmoja akifa, waliobaki ndio waliomchagua wa kujaza nafasi. Kwa karne nyingi Makapteni walibadilika kila miezi sita, lakini majina ya ukoo yalikuwa yaleyale. Mambo yaligeuka tarehe 25 Machi 1906, wakuu wa kaya walipoitwa tena kwenye Arengo, wakapiga kura kwamba Baraza lichaguliwe. Na wanawake? Jamhuri inayojiita kongwe kuliko zote duniani ilipitisha haki yao ya kupiga kura mwaka 1959, wakaitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1964, wakaruhusiwa kugombea mwaka 1973. Kapteni wa kwanza mwanamke, Maria Lea Pedini Angelini, aliapishwa Aprili 1981.

Turudi nyuma, kwenye mipaka. San Marino iliwahi kupanuka. Karne ya kumi na tano ilisimama na Urbino na Papa Pius II dhidi ya Sigismondo Malatesta, bwana wa Rimini, na mwaka 1463 Papa akaizawadia vijiji vitatu: Fiorentino, Montegiardino na Serravalle. Kijiji cha nne, Faetano, kiliomba chenyewe kujiunga. Tangu hapo mpaka wao haujasogea hata hatua moja, kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mfikirie hilo kwa muda, ninyi mnaosoma ramani za Ulaya na vita vyake.

Maadui walikuja. Mwaka 1503 Cesare Borgia aliitwaa nchi kwa miezi kadhaa, mpaka baba yake, Papa Alexander VI, alipofariki na milki ya mwana ikaporomoka. Mwaka 1543 kikosi kilitumwa usiku kuwavamia, kikapotelea kwenye ukungu. Bahati hiyo, sikatai. Watu wadogo wakiishi miaka mingi, bahati imo.

Kisa cha 1739, hata hivyo, hakikuwa bahati, na ningependa mkisikie vizuri. Kwa wakati huo San Marino ilikuwa imezungukwa kila upande na milki ya Papa. Kadinali Giulio Alberoni alikuwa mjumbe wa Papa mjini Ravenna. Alikuwa mtu wa akili nyingi na tamaa kubwa. Hapo awali alikuwa ameendesha serikali ya Hispania mpaka akafukuzwa. Aliisikia malalamiko ya watu kadhaa wa San Marino waliogombana na wakubwa wao, akayafanya kisingizio. Oktoba 17 akaingia na askari, akatangaza kwamba jamhuri imekwisha na wananchi wenyewe wameomba iwe hivyo.

Akataka sherehe ya kuthibitisha. Oktoba 25 akawakusanya kanisani wakati wa misa, ili wakuu wa familia waape utii kwa Papa mmoja baada ya mwingine, mikono juu ya Injili, kadinali akiwa ameketi kitini. Baadhi wakaapa. Ikafika zamu ya mmoja wao, Giangi, akasema kiapo chake alishakitoa kwa jamhuri ya San Marino na anakirudia kilekile. Girolamo Gozi akanukuu maneno ya Kristo Gethsemane, kikombe hiki na kiniepuke. Watu wakaanza kupaza sauti kanisani: idumu San Marino! Hebu jiwekeni mahali pa kadinali. Umevaa joho jekundu, umeandaa sherehe yako, na waumini wanakugeuzia Biblia.

Nyumba za waliokataa ziliporwa. Lakini barua zilikuwa zimeshaanza safari kuelekea Roma na kwa wafalme wa nje. Papa Clement XII akamtuma Enrico Enriquez, gavana wa Macerata, aende akaulize watu wanataka nini hasa. Akawauliza, wakamwambia. Februari 5, 1740, sikukuu ya Mtakatifu Agatha, uhuru ukarudishwa rasmi. Siku iliyofuata Papa mwenyewe akafariki. Barua zingechelewa kidogo tu, pengine leo nisingekuwa na mada. San Marino inaiadhimisha sikukuu ya Agatha mpaka sasa.

Baada ya kadinali akaja jenerali. Februari 1797 Napoleon alikuwa anaifagia Italia, anafuta falme na kuchora mpya. San Marino hakuigusa. Ilimfurahisha, kama kitu cha kale cha kuonyesha kwamba jamhuri inawezekana. Akamtuma Gaspard Monge, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, apande mlimani na salamu na zawadi: kama mnataka ardhi zaidi, semeni, hata mpaka baharini. Watu wa mlima bila bandari, wanaotawaliwa na bei za Rimini, wakaulizwa kama wanataka bahari!

Antonio Onofri, aliyekuwa kiongozi wao wakati ule, akajibu kwa adabu kubwa. Walishukuru, wakapokea urafiki na nafaka, lakini ardhi wakaikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba jamhuri inaridhika na ilivyo, na kwamba kukua kungeihatarisha. Napoleon aliahidi pia mizinga minne ambayo haikufika kamwe, na naona ni heri. Sasa pigeni hesabu. Miaka kumi na minane baadaye Napoleon ameanguka, na wakubwa wa Ulaya wameketi Vienna, mwaka 1815, kurudisha kila shamba kwa mwenyewe. Kama San Marino ingekuwa imekula ardhi ya Papa kwa mkono wa Napoleon, ingeitapika pale Vienna, na huenda ingetapika pamoja na roho. Kwa kuwa haikudaiwa na mtu, ikaachwa ilivyo.

Hilo ndilo jibu langu la pili. Ndani walifupisha muda wa mkubwa. Nje walikataa kupata kitu ambacho mwingine angekuja kukidai.

Kukataa ardhi hakukuwa woga. Julai 31, 1849, Giuseppe Garibaldi, mpiganaji wa umoja wa Italia, alifika mpakani akitokea Roma, jamhuri ya Roma imeshindwa, majeshi ya Austria yakimfuata nyuma, askari wake wamechoka, na mkewe Anita ni mjamzito na mgonjwa. Kapteni Domenico Maria Belzoppi alikuwa na kila sababu ya kufunga lango. Akawapokea, akawapa chakula na tiba, huku akijadiliana na Waaustria. Garibaldi akawaruhusu askari wake watawanyike, na usiku akatoroka na wachache kuelekea pwani. Anita alifariki siku chache baadaye, Agosti 4, karibu na Ravenna. Italia ilipokuja kuungana, mwenyeji yule hakusahauliwa: mwaka 1862 ufalme mpya ulitia saini mkataba wa urafiki na jamhuri ndogo iliyo tumboni mwake. Mwaka mmoja kabla, Abraham Lincoln, aliyepewa uraia wa heshima wa San Marino, aliwaandikia kwamba ingawa milki yao ni ndogo, nchi yao ni miongoni mwa zilizoheshimiwa zaidi katika historia yote. Kwake vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa ndio kwanza vimeanza.

Miaka ya ufashisti, kuanzia 1923 hadi 1943, nitaipita haraka. San Marino ilikuwa na mafashisti wake kama Italia, na saa ya miezi sita haikusaidia kitu pale chama kimoja kilipoishika mikono yote miwili. Vita vikaja. Nchi ilitangaza kutofungamana na upande wowote, lakini Juni 26, 1944 ndege za Waingereza zikaipiga mabomu na kuua watu zaidi ya sitini. Hapo hapo wakimbizi wa Kiitalia walikuwa wanamiminika. Nchi ya watu kama 15,000 ikahifadhi wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 100,000. Wengi walilala ndani ya mahandaki ya reli iliyofunguliwa mwaka 1932 kuunganisha mji na Rimini. Safari za treni kwenda Rimini hazikurudi tena, mahandaki yapo.

Baada ya vita, wakomunisti na wasoshalisti walishinda uchaguzi na kutawala mpaka 1957, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwingine Ulaya Magharibi. Mwaka huo Baraza likagawanyika katikati, na kwa takriban majuma mawili nchi ya kilomita za mraba 61 ikawa na serikali mbili, moja ikiwa imejipanga kwenye jengo la kiwanda kisichotumika huko Rovereta, hatua chache kutoka mpaka wa Italia. Walioneshana bunduki. Hakuna aliyefyatua. Upande wa kushoto ukaachia.

Kijana mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaingia: sasa wanaishi kwa nini? Watalii, viwanda vidogo, stempu wanazozichapa tangu 1877, na benki. Benki ziliwaletea shida. Mwaka 2009, Italia ilipotoa msamaha kwa raia wake waliorudisha fedha walizoficha nje, amana nyingi zikateremka mlima na uchumi ukaanguka vibaya. Utajiri wa kuhifadhi siri za jirani ni kitu ambacho jirani anaweza kuja kukidai, na hapo, kwa mtazamo wangu, walisahau somo la Onofri. Umoja wa Mataifa waliingia mwaka 1992. Wanatumia yuro, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya, na mazungumzo yao na Brussels yamekuwa marefu.

Jambo la mwisho. Arengo ile ya zamani bado ina kipande kilicho hai. Jumapili ya kwanza baada ya Makapteni wapya kuapishwa, Aprili na Oktoba, raia hupanda hadi ikulu yao na kuwakabidhi viongozi maombi yaliyoandikwa: barabara hii, sheria ile, mtaa wetu. Maombi yakikubaliwa kupokelewa, Baraza lazima liyajadili na kuyapigia kura ndani ya muhula huo wa miezi sita.

Nami muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Ahsanteni sana. Tuanze na maswali ya waliosimama.